Sauti Moja, Kingo Mbili

Kabla mwimbaji hajafungua kinywa, maji yameshaanza kupita. Nyuzi za okestra zinatetema taratibu, piano inateremka juu yake kama kijito kwenye mawe, na kutoka ndani ya ukungu huo inainuka sauti ya mwanamke. Haina haraka. Inamwita mtu aliye mbali, kisha inanyamaza na kusubiri. Jibu linapokuja, linatoka ng'ambo.

Wimbo huo unaitwa "Baïlèro". Lugha yake ni Kioksitani cha milima ya Auvergne, katikati ya Ufaransa kuelekea kusini. Tangu ulipoingia kwenye santuri mwaka 1930 umewateka watu wa nchi nyingi, na wengi wao hawajui neno hata moja la lugha hiyo. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi. Nilikuwa nikiusikiliza usiku nyumba ikishatulia, na kila mara nilijikuta nimeshika pumzi palepale, kwenye kile kimya kilichopo kati ya mwito na jibu. Nikaamini ni dua. Wakati mwingine niliamini ni bembelezi la mama aliyefiwa.

Kupenda wimbo usiojua lugha yake si jambo geni kwetu. Kizazi cha wazazi wangu kilicheza nyimbo za wanamuziki wa Kongo, Franco na Tabu Ley, mpaka alfajiri, Dar es Salaam na Nairobi, na waliojua Kilingala ukumbini walikuwa wachache. Mbilia Bel alipoimba "Nakei Nairobi", wengi walishika jina la mji na gitaa, basi, ikatosha. Lakini muziki ule uliupa mwili kazi: kiuno kilielewa pale sikio liliposhindwa. "Baïlèro" hauna mdundo wa kuchezea. Unamwacha msikilizaji ameketi na sauti peke yake, na hapo ndipo mapenzi yake yanapokuwa ya ajabu zaidi.

Aliyeuandika kwenye karatasi ni Joseph Canteloube, mtunzi aliyezaliwa Annonay mwaka 1879, na ambaye ukoo wake ulikuwa na nyumba Malaret, si mbali na milima ya Cantal. Alikuwa na tabia ya kutembea vijijini akisikiliza wakulima na wachungaji wakiimba, huku akiandika alichosikia. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20, jioni moja, alikuwa mlimani juu ya mji mdogo wa Vic-sur-Cère, akasikia sauti ya mchungaji ikiimba, na kwa mbali sana, kutoka upande wa pili wa bonde, sauti nyingine ikaijibu. Ndivyo alivyoupata.

Inafaa kuifahamu nchi yenyewe. Cantal ni mabaki ya volkeno kubwa iliyozimika zamani mno. Kilele chake cha juu, Plomb du Cantal, kina mita 1,855. Kiangazi kikifika, mifugo ilipandishwa kwenye malisho ya juu, na waliokwenda nayo walikaa huko miezi kadhaa, mbali na kijiji, wakilala na kutengeneza jibini kwenye vibanda vya mawe vinavyoitwa "buron". Ng'ombe wa huko ni Salers, wekundu wa kahawia iliyoiva, pembe zimejipinda kama kinubi. Mfugaji wa ng'ombe wa Mara au Ankole atawatambua kwa jambo moja: ng'ombe wa Salers hatoi maziwa mpaka ndama wake awe kando yake. Katika maisha hayo ya upweke, kuimba kuvuka bonde ilikuwa namna ya kujua kwamba kuna mtu mwingine aliye hai upande ule. "Baïlèro" lilikuwa jina la mwito wa aina hiyo kabla halijawa jina la kipande cha muziki. Neno lenyewe limejaa irabu, na irabu ndizo zinazosafiri. Konsonanti hufia njiani kabla ya kufika katikati ya bonde.

Canteloube aliuchapisha mwaka 1924, katika fungu la kwanza la nyimbo zake za Auvergne kwa sauti na okestra. Aliendelea kuongeza mafungu mengine hadi mwaka 1955, miaka miwili kabla ya kufa kwake. Wako wanaomlaumu kwamba aliutia wimbo wa wachungaji sukari nyingi, akamvika hariri mtu aliyezoea sufu. Yeye alikuwa na hoja yake. Alisema mkulima anayeimba bila ala haimbi peke yake hata kidogo: anaimba na upepo, na mteremko, na mwanga wa saa ile. Ukimtoa huko ukamweka kwenye ukumbi wa Paris, umemnyang'anya vyote hivyo, na ni muziki tu unaoweza kuvirudisha. Mimi nasimama upande wake. Hakuandika wimbo tu; aliandika na jioni yake.

Sikiliza anachofanya kati ya beti. Sauti ya mwanamke ikinyamaza, inachukua nafasi oboe, ambayo ni ndugu wa zumari letu, mwanzi wa ndimi mbili ulio na sauti ya kulia puani kidogo. Anayelijua zumari la ngoma za Unguja au Lamu atashangaa jinsi ndugu yake huyu anavyoweza kutulia hivi. Oboe inazungukazunguka peke yake, bila kipimo kikali cha mapigo, kama mchungaji anayecheza na filimbi kwa kuwa hana la kufanya mpaka jua lichwe. Halafu mwito unarudi.

Na hapa kuna jambo ambalo nadhani ndilo siri ya wimbo huu kuwashika watu. Ni wimbo wa watu wawili, lakini anayeimba ni mmoja. Soprano yuleyule, ile sauti ya kwanza kwenye kwaya zetu, anauliza kisha anajijibu. Waimbaji wengi hupunguza sauti kwenye jibu ili lionekane linatoka mbali, na ndipo shaka inapoingia moyoni mwa msikilizaji: kuna mtu kweli kule ng'ambo, au ni mwangwi wake mwenyewe? Wimbo hausemi. Mlimani Canteloube alisikia watu wawili. Kwenye santuri wamebaki mmoja na kivuli chake. Sidhani kama alikusudia kutuhuzunisha kwa njia hiyo, lakini ndivyo ilivyotokea.

Wa kwanza kuusambaza duniani alikuwa Madeleine Grey, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1896, aliyerekodi nyimbo 11 za mkusanyiko huo mwaka 1930, Élie Cohen akiongoza okestra. Santuri ile inakwaruza, lakini mwanamke aliye ndani yake anazungumza na mtu. Alikuwa wa familia ya Kiyahudi. Mwaka 1941 Canteloube alikwenda kuitumikia serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wanazi na kuwatungia Wayahudi sheria za kuwabagua. Naupenda wimbo huu, na jambo hilo linaniuma kila ninapoisikia sauti ya Grey.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaja wengine. Victoria de los Ángeles wa Barcelona aliuimba kama mtu wa nyumbani, kwa sababu Kikatalani ni ndugu wa karibu mno wa Kioksitani. Kiri Te Kanawa, mzaliwa wa Gisborne huko New Zealand na mwenye damu ya Kimaori, aliurekodi miaka ya 1980 akiwa na English Chamber Orchestra, na santuri yake ndiyo iliyoingia katika nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kukisia. Ukitafuta uzuri mtupu wa sauti, hutapata unaoipita. Lakini nikitaka kusikia mtu akiita, namrudia Netania Davrath. Alizaliwa Ukraine, akawa Mwisraeli, akarekodi nyimbo hizi miaka ya 1960. Sauti yake ni nyembamba, imenyooka, haitikisiki kama ya waimbaji wa opera. Hapambi. Anaita kama msichana ambaye kweli ameacha kondoo nyuma yake na anahofia giza litamkuta. Kuna wapenzi wa wimbo huu ambao hawatambadilisha Davrath kwa yeyote, na mimi ni mmoja wao.

Hata sinema iliutaka. Laurence Olivier alipotengeneza filamu ya Henry V mwaka 1944, vita ikiwa bado haijaisha, mtunzi William Walton aliuazima wimbo huu kwenye muziki wake. Mamilioni ya watu walisikia mlima wa Cantal bila kujua wanachosikia.

Sasa niseme linalonisumbua. Kioksitani si lugha ndogo iliyojificha mlimani. Jina lake linatokana na neno "oc", yaani ndiyo. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 11, washairi wake, matrubaduri, waliifundisha Ulaya namna ya kuimba mapenzi. Mwaka 1904, Frédéric Mistral alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi kwa kazi alizoandika katika lahaja yake ya Provence. Lakini katika miaka hiyohiyo, mtoto wa shule aliyekutwa akizungumza lugha ya mama yake alikabidhiwa kitu cha aibu, kipande cha mti au kiatu cha mbao, akae nacho mpaka amnase mwenzake kwa kosa hilohilo. Aliyekutwa nacho mwisho wa siku aliadhibiwa. Waoksitani wana jina la mambo hayo yote kwa jumla: "vergonha", aibu.

Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia jinsi kitufe kilivyopita mkono kwa mkono shuleni kwao, kikiwatafuta watoto waliozungumza Kikuyu. Ni ujanja uleule, na ulimfanya mtoto kuwa askari wa kumkamata ndugu yake.

Kwa hiyo wakati Canteloube anapanda mlimani na kalamu yake, watoto wa vijiji vilevile walikuwa wanafundishwa kuionea haya lugha aliyokuwa anaikusanya. Ilipigiwa makofi Paris, kinywani mwa mwimbaji aliyevaa vizuri. Ikachapiwa darasani, kinywani mwa mtoto wa mchungaji. Leo UNESCO inakihesabu Kioksitani cha Auvergne miongoni mwa lugha zilizo katika hatari kubwa. Juhudi zipo: shule za Calandreta, zinazofundisha kwa Kioksitani, zilianzia Pau mwaka 1979 na bado zipo. Lakini mapenzi ya dunia kwa wimbo hayakuifikia lugha yake.

Hapo huwa namkumbuka Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar. Mwaka 1928, miaka miwili tu kabla ya Madeleine Grey kusimama mbele ya mashine, Siti alivuka bahari hadi Bombay na kundi lake wakarekodi taarabu kwa Kiswahili. Alikwenda mwenyewe, na lugha yake mwenyewe, na jina lake likaandikwa kwenye sahani. Wale wawili wa juu ya Vic-sur-Cère hawakuandikwa popote. Hatujui hata kama waliwahi kukutana ana kwa ana.

Ilinichukua miaka kutafuta tafsiri ya maneno. Niliogopa, nadhani, niliogopa kwamba maana itakuwa ndogo kuliko sauti. Haikuwa dua, wala bembelezi. Katika ubeti wa kwanza mtu anamuuliza mchungaji wa ng'ambo ya maji kama huko aliko hana raha sana. Anajibiwa kwamba kweli si sana, na je, wewe? Ni hivyo tu. Ni wafanyakazi wawili wamechoka, kila mmoja peke yake na wanyama wake, wanajuliana hali kama tunavyojuliana sisi tukipishana njiani, isipokuwa hawa wanaambizana ukweli. Katika ubeti wa pili wanashawishiana kwa malisho: huku maua yamechanua, lete kundi lako, la, nyasi za huku ndizo laini. Hakuna neno la mapenzi, na kila neno ni la mapenzi.

Niliposikiliza tena nikiwa na maana hiyo kichwani, kile kimya cha kati ya mwito na jibu kilibadilika. Zamani nilishika pumzi kwa sababu ya uzuri. Sasa nashika pumzi kwa sababu mtu ameuliza kama mwenzake ana raha, na mwenzake bado hajajibu.

Ubeti wa tatu ni wa mto. Chini pale kuna maji makubwa, nitafanyaje? Jibu linamwambia asubiri, anakuja kumchukua. Davrath analiimba jibu hilo kwa sauti ndogo kabisa, kama linatoka mbali kuliko yote yaliyotangulia, na mwito unapotea kidogo kidogo juu ya irabu zake. Nyuzi na piano zinabaki zikitiririka. Hatumwoni akivuka.