Dieudonné Kabongo, mutu wa dakika chache

Mu filme Lumumba ya Raoul Peck, iliyotoka mwaka wa 2000, kila mutu anamukumbuka Eriq Ebouaney, yule aliyecheza Lumumba mwenyewe. Wengine wanamukumbuka Alex Descas kama Mobutu. Lakini uliza nani alicheza Godefroid Munongo, ministri wa mambo ya ndani wa Katanga: watu wanaanza kuangaliana. Jina lake ni Dieudonné Kabongo Bashila, na yeye alikuwa mtoto wa Katanga kweli.

Alizaliwa kule mwaka wa 1950. Tarehe 17 Januari 1961, siku Lumumba, Mpolo na Okito walishushwa mu ndege Elisabethville na kuuawa usiku ule ule, Kabongo alikuwa na miaka kumi. Karibu miaka makumi ine baadaye, yeye njo anavaa koti ya Munongo, mjukuu wa mfalme M'Siri, mutu ambaye jina lake linatajwa kila mara mu habari ya kifo kile. Munongo mwenyewe alikufa Kinshasa tarehe 28 Mei 1992, siku alikuwa anangojewa kusema ku Conférence nationale souveraine juu ya mauaji ya Lumumba. Hakusema. Sura ya Munongo ambayo vijana wengi wanajua leo, ni sura ya Kabongo.

Na hakupewa muda mrefu. Filme inamufuata Lumumba. Watu wa Katanga wanapata dakika chache tu. Ndani ya dakika zile mutazamaji anapaswa kuogopa. Mutu akicheza vibaya pale, kifo cha Lumumba kinabaki kama hadithi ya kusomewa masomoni. Kabongo hakucheza vibaya.

Tena hata udongo haukuwa wa kwetu. Juu ya vita, Peck hakupiga filme ile Kongo; alienda Zimbabwe na Msumbiji, mji wa Beira ukakopesha barabara zake. Wakati HBO ya Marekani iliionyesha ku televizyo mwaka wa 2002, jina la Frank Carlucci, aliyefanya kazi ku ambasade ya Marekani Léopoldville, lilifunikwa kwa mlio. La Munongo lilibaki wazi.

Kitu cha kushangaza: kule Ubelgiji, watu walimujua Kabongo kwanza kama mwenye kuchekesha. Alikuwa msimulizi wa hadithi na mupiga muziki pia. Sinema nayo ilimupa vile inawapa Waafrika wengi wa Bulaya: nafasi ya pembeni. Mu Le Couperet ya Costa-Gavras, mwaka wa 2005, yeye ni mshauri wa ndoa. Bwana na bibi wanakuja kwake na shida zao za nyumbani, kumbe bwana anaua watu wenye kushindania kazi moja naye. Kabongo anawasikiliza tu. Kusikiliza vile mbele ya kamera si mchezo, jaribuni muone.

Mukongomani mwenzake, Balufu Bakupa-Kanyinda, njo alimuweka katikati, mu Juju Factory. Pale anacheza Kongo Congo, mwandishi wa Matonge ya Bruxelles. Mwenye kuchapisha anataka kitabu chepesi cha kupendeza wageni; Kongo anataka kuandika historia, na wafu wake hawamuachi alale.

Hapa Goma, vijana wengi wamejifunza kushika kamera kupitia Yole!Africa. Ningependa wamuangalie Kabongo, zaidi wale wenye kununa wakiambiwa: wewe utacheza polisi, wewe utacheza mlinzi. Wachukue ile filme ya Peck, waruke hotuba ya tarehe 30 Juni ambayo wote tunaijua, waende moja kwa moja Katanga.

Kabongo alikufa Ubelgiji tarehe 11 Oktoba 2011, akiwa jukwaani, mbele ya watu.