Uwanja wa chuo kikuu hujengwa na mfuko wa nani?

Ukipanda matatu Kitale ya kwenda Suam, mpakani na Uganda, utapita Endebess kabla hujachoka kukaa. Kulia na kushoto ni mahindi, mengine ya shirika la serikali la ADC na mengine ya wananchi, na mbele yako Mlima Elgon umejifunika mawingu. Saa kumi na mbili asubuhi, pembeni mwa lami, utawaona vijana wakikimbia wawili wawili, wakishuka mtaroni kila lori la mahindi linapopiga honi.

Mmoja wao ni shemeji yangu. Mimi ni mtu wa Pwani niliyeoa huku, na Disemba huja kusalimia wakwe. Yeye yuko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha umma cha magharibi, ambacho sitakitaja, na hukimbia mita 5,000. Disemba iliyopita tukiwa tunakunywa chai aliniuliza: "Shemeji, nyinyi mnaoandika mtuambie. Kila kampeni tunaahidiwa uwanja wa kisasa chuoni. Waheshimiwa wanakuja, wanapiga picha kwenye nyasi, wanaondoka. Hizo pesa hupotelea wapi?"

Nilimwambia kwamba mara nyingi hazipotei. Hazikuwepo tangu mwanzo, kwa sababu aliyeahidi hakuwa na mfuko ambao sheria inamruhusu kuutumia kwa kazi hiyo. Hakuniamini. Basi naeleza hapa, maana jambo lenyewe linawahusu pia walio Kilifi na Tudor, ambako Pwani University na Technical University of Mombasa ziko chini ya sheria ile ile.

Kwanza tuelewane kwamba hapa hatuzungumzii anasa. Mlima huu umezaa wakimbiaji tangu zamani. Ben Jipcho alitoka upande huu. Alipata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Munich 1972, kisha dhahabu mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch 1974. Upande wa pili wa mlima, Kapchorwa nchini Uganda, ndiko anakotoka Joshua Cheptegei aliyevunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 mwaka 2020. Na Endebess yenyewe ilijulikana duniani kwa njia ya uchungu. Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris 2024, alikuwa amenunua ardhi na kujenga huku ili awe karibu na wanakofanyia mazoezi wanariadha wa Kenya. Alichomwa moto nyumbani kwake na kufariki Septemba mwaka huo huo. Mauaji yake ni habari nyingine, tena nzito kuliko hii. Ila Meya wa Paris alitangaza kwamba mji wake utaupa uwanja mmoja wa michezo jina la Rebecca, na mimi nikikumbuka hilo huwatazama hawa vijana wa mtaroni nikanyamaza.

Turudi kwenye mifuko. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Vyuo vikuu viliwekwa kwa serikali kuu. Kaunti zikapewa shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Katika michezo mgawanyo umechanganyika zaidi: kukuza michezo na elimu ya michezo ni kazi ya serikali kuu, lakini shughuli na viwanja vya michezo vimo katika orodha ya kaunti. Sasa weka uwanja ndani ya ua la chuo kikuu. Ardhi ni ya chuo, chuo ni cha Nairobi, na kujenga viwanja ni kazi ya gavana. Kila mmoja ana sababu halali ya kumwonyesha mwenzake kidole.

Gavana akitaka kuweka pesa za kaunti ndani ya chuo kikuu lazima kuwe na makubaliano rasmi kati ya serikali hizo mbili. Hili si jambo la vitabuni tu. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliziandikia kaunti waraka akisema zisilipe basari za wanafunzi wa sekondari na vyuo vikuu bila makubaliano ya aina hiyo, kwa kuwa elimu hiyo si kazi yao. Magavana walikwenda mahakamani na waraka ukasimamishwa. Lakini ikiwa karo ya mtoto wa maskini ilizua kesi, afisa gani wa fedha wa kaunti ataweka sahihi malipo ya njia ya kukimbilia ndani ya chuo?

Ndiyo maana ukifika Bungoma utakuta mambo mawili yasiyokutana. Kuna Kibabii University, chuo kikuu cha umma kilicho upande huu wa mlima, kilichoanza 2011 kama tawi la chuo cha Masinde Muliro na kupewa hati ya kujitegemea 2015. Na kuna Uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi, ambao ni wa kaunti. Uwanja huo ulitengenezwa kwa haraka sana kwa sababu tarehe 1 Juni 2024 Rais alikuwa anakuja kuadhimisha Madaraka hapo. Nyie wa Pwani mnaufahamu mchezo huu. Kwale mliuona Oktoba 2024, Mashujaa ilipopelekwa kwenye uwanja wenu. Mombasa mliuona 2019, ila ninyi hamkupata uwanja, mlipata bustani ya Mama Ngina, nzuri ya kupunga upepo lakini haina goli.

Sisemi ni vibaya. Kanduyi leo ni bora kuliko ilivyokuwa, na vijana wanacheza. Nasema kwamba katika nchi hii pesa za viwanja hufuata kalenda ya sherehe, na sherehe za taifa hazipelekwi kwenye viwanja vya vyuo vikuu. Chuo hubaki kikisubiri tarehe isiyofika.

Je, chuo chenyewe hakina pesa? Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa miaka kadhaa serikali ilivipa vyuo vya umma fedha kwa kukokotoa gharama ya kila kozi: udaktari ghali, uhandisi chini yake, ualimu chini zaidi. Serikali ilikusudia kulipa asilimia 80 ya gharama hiyo, lakini mgao uliteremka mwaka hadi mwaka hadi ukawa karibu nusu tu. Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya wa ufadhili, mkopo na mchango wa familia, ambao nao umepitia mahakamani. Katika mifumo yote miwili hesabu inaanza na mwanafunzi akiwa darasani. Hakuna mahali panapouliza anakimbilia wapi jioni.

Pengo hilo likageuka madeni. Kufikia 2023 vyuo vikuu vya umma vilikuwa vinadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 60, nyingi zikiwa kodi, pensheni na makato ya wafanyakazi yasiyofikishwa yanakotakiwa. Mkuu wa chuo anayedaiwa pensheni ya wahadhiri hawezi kusimama mbele ya baraza lake akaomba njia nane za tartani, ule mpira mwekundu wa kukimbilia unaouona kwenye runinga. Ile ada ndogo ya michezo anayolipa mwanafunzi huishia kwenye basi, jezi na chakula cha siku za mashindano ya vyuo. Shemeji yangu anasema mwaka mmoja hata jezi zilichelewa, wakakimbia na za mwaka uliopita zenye jina la mfadhili aliyekwisha jitoa.

Anayeahidi mara nyingi zaidi ni mbunge, na ndiye mwenye mfuko mdogo kuliko wote kwa kazi hii. Sheria ya NG-CDF ya 2015 inaruhusu shughuli za michezo zichukue asilimia 2 tu ya mgao wa eneo bunge kwa mwaka. Fanya hesabu: eneo bunge likipata shilingi milioni 150, asilimia 2 ni milioni 3. Hizo ni mipira, jezi, na kombe la mbunge lenye fainali ya kelele nyingi. Kutandaza tartani ya mita 400 ni makumi ya mamilioni, na hujachimba mifereji. Isitoshe, Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema hazina yenyewe inakiuka Katiba na ikaipa hadi 30 Juni 2026, uamuzi ambao umekatiwa rufaa. Mbunge anayekuahidi uwanja wa chuo kutoka mfuko huo, mwombe akuonyeshe kifungu.

Mfuko mkubwa upo. Ni ule wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii ulioundwa 2018, unaotegemea kodi za kamari. Kila kijana anayepoteza mia zake kwa kubeti anauchangia bila kujua. Huu ungeweza kabisa kujenga viwanja vya vyuo, maana ni pesa za serikali kuu na vyuo ni vya serikali kuu; hakuna ukuta wa Katiba katikati. Lakini angalia unakoelekea. Uwanja mpya wa Talanta, Nairobi, wenye viti 60,000 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, unagharimiwa kwa hati za dhamana za shilingi bilioni 44.79 zilizoorodheshwa katika soko la hisa la Nairobi Julai 2025. Wawekezaji watalipwa kutoka mfuko huo huo kwa miaka 15. Mtoto aliyezaliwa Endebess mwaka huu atakuwa sekondari deni likiwa bado linalipwa.

Na hata Nairobi ikiahidi kwa kinywa chake, subiri. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliandika katika manifesto yake kwamba utajenga viwanja vitano vya kimataifa: Kisumu, Mombasa, Nakuru, Eldoret na Garissa. Watu wa Mombasa hawahitaji nimalizie hadithi hiyo.

Sasa nije kwenye jambo linalonipa matumaini kidogo, nalo halitoki Bungoma wala Pwani. Kule Iten, Elgeyo Marakwet, uwanja mashuhuri wa Kamariny ulifungwa 2017 ili ukarabatiwe na serikali. Kazi ikakwama, miaka ikapita. Mabingwa wa dunia walikwenda wapi? Waliteremka bondeni hadi chuo cha ualimu cha Tambach, kwenye uwanja wa udongo. Bila viti, bila taa, bila tartani. Ni mzunguko wa mita 400 wa udongo, uliosawazishwa na kuzuiwa usigeuke tope. Asubuhi za mazoezi ya kasi utawakuta hapo watu ambao wiki mbili baadaye utawaona Ulaya wakipokea medali. Chuo kidogo cha ualimu kilibeba riadha ya nchi wakati mradi wa serikali umelala.

Kwa hiyo mimi naona vijana wa vyuo wanadanganywa mara mbili. Wanaahidiwa pesa ambazo mtoaji hana, na wanaahidiwa kitu ambacho si lazima wakipate kwanza. Mzunguko mzuri wa udongo unahitaji greda, murramu, mifereji na mtu wa kuutunza. Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zina greda za barabara. Chuo kina ardhi. Kinachokosekana ni karatasi: makubaliano chini ya Kifungu cha 187 cha Katiba na Sheria ya Uhusiano wa Serikali ya 2012, yanayosema kaunti itatengeneza, chuo kitatunza, na jioni na Jumamosi geti litafunguliwa kwa wanariadha wasio wanafunzi. Wanasiasa hawapendi karatasi hiyo kwa sababu haina jiwe la msingi la kuzindua.

Wapo watakaosema kipaji hukua popote, na vijana wa mlimani wamekimbia barabarani miaka yote. Ni kweli, lakini barabara haikufundishi kupima mzunguko wa sekunde 64, wala kuruka kiunzi. Ndiyo maana wenye kasi huondoka. Tangu miaka ya 1970 vyuo vya Marekani vimekuwa vikiwachukua. Henry Rono wa Nandi alikuwa mwanafunzi wa Washington State University, chuo cha umma cha jimbo, alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Chuo cha umma, msomaji. Huko nako siasa zipo, na wabunge wa majimbo hugombana juu ya bajeti za vyuo, lakini kila mtu anajua mapema fungu liko chini ya nani.

Huku kwetu mahali pa kuuliza ni kwenye vikao vya maoni ya umma. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bungeni kabla ya 30 Aprili. Mwakilishi wadi akisema uwanja wa chuo uko njiani, mwulize umeandikwa ukurasa gani, na makubaliano na Wizara ya Elimu yametiwa sahihi lini. Mpango wa maendeleo wa kaunti unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Unaofuata utaandikwa baada ya uchaguzi wa Agosti 10, 2027, na kisichoingia humo ni vigumu kupata pesa kwa miaka mitano mingine.

Wakati huo shemeji yangu atakuwa amehitimu. Nilipomweleza hayo yote alinyamaza kidogo, akamimina chai iliyobaki, akasema ana mdogo wake wa kike aliye gredi ya nane. Asubuhi iliyofuata niliwaona wote wawili wakitoka getini, yeye mbele upande wa magari na msichana nyuma yake, karibu na mtaro.