Kinachogawanywa Hewani ni Muda

Mtandao wa bweni au ofisi ukianza kusuasua, wengi hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa sababu kinachogombaniwa kwenye Wi-Fi ni muda wa hewani.

Katika chaneli moja, kifaa kimoja kikituma, vingine hungoja. Chukua kompyuta iliyo karibu na ruta, yenye uwezo wa megabiti 100 kwa sekunde, na simu ya zamani nyuma ya kuta mbili, inayofikisha 5 tu. Zikipeana zamu pakiti kwa pakiti, yaani kipande kimoja cha data kwa zamu, simu hushika hewa kwa takriban asilimia 95 ya muda, na kila moja huambulia chini ya megabiti 5. Watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walilieleza tatizo hili mwaka 2003. Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen na wenzake walionyesha namna ya kulitatua ndani ya Linux: ruta igawe muda sawa badala ya pakiti sawa. Kwa hesabu ileile, kompyuta hupata 50 na simu 2.5. Wapo wanaouita huo uonevu kwa mwenye simu ya zamani. Sikubaliani nao. Amepewa nusu kamili ya muda. Kinachomlemea ni zile kuta, na msaada wa kweli ni kumsogezea ruta.

Kipaumbele nacho huaminiwa kupita kiasi. Kiwango cha Wi-Fi cha 802.11e cha mwaka 2005 kilipanga data katika madaraja manne: sauti, video, data ya kawaida na ile inayoweza kusubiri. Pakiti za sauti hungoja muda mfupi zaidi kabla ya kuwania hewa. Mpango ni mzuri, lakini unategemea alama iliyobandikwa kwenye pakiti, na programu nyingi hazibandiki chochote. Tena, kila kitu kikipewa daraja la juu, hakuna kilichopendelewa.

Kinachoua simu za sauti zaidi ni foleni ndefu. Mwaka 2010 mtaalamu wa programu Jim Gettys aliona mtandao wa nyumbani kwake ukikwama kila alipopakia mafaili makubwa. Chanzo kilikuwa bafa, yaani hifadhi za foleni, zilizojazwa pakiti hadi zile za sauti zikachelewa mno, ilhali mazungumzo huanza kuharibika ucheleweshaji wa upande mmoja ukipita milisekunde 150 hivi. Mwaka 2012 watafiti Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa mbinu iitwayo CoDel, inayopima muda ambao pakiti zimekaa kwenye foleni. Kusubiri kukizidi milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo, huanza kudondosha pakiti, na watumaji hupunguza mwendo.

Lakini ruta haiwezi kutawala foleni iliyo kwenye modemu au kwa mtoa huduma. Ndiyo maana fundi makini huiwekea ruta kikomo kidogo chini ya kasi iliyolipiwa, labda asilimia 90, ili foleni ijipange pale anapoweza kuisimamia. Mteja hupoteza kasi kidogo kwenye karatasi, na mimi naona ni bei halali kabisa kwa mwanafunzi anayehudhuria somo kwa njia ya sauti huku jirani yake akipakia video.

Basi fundi anapokabidhi kazi, aombwe apime ucheleweshaji wakati mtu mwingine anapakia faili kubwa. Kasi ya mtandao usiotumiwa na yeyote haimwambii mteja lolote kuhusu saa mbili usiku.