Gari Dogo Kuukuu Hufeli Ukaguzi kwa Nini?

Mtu akikuambia gari lake limefeli ukaguzi, mawazo ya wengi wetu hukimbilia kwenye injini. Tunauona moshi mweusi, tunasikia vyuma vikigongana, tunaanza kuhesabu bei ya injini nyingine. Wiki hii nataka tulitazame jambo hili kwa kufuata rekodi, si hisia, na rekodi zilizo wazi kuliko zote ninazozijua ziko Uingereza.

Katika England, Scotland na Wales, gari la kawaida likitimiza miaka mitatu ni lazima likaguliwe kila mwaka. Ukaguzi huo huitwa MOT, herufi zilizobaki kutoka jina la zamani la wizara ya uchukuzi. Ulianza mwaka 1960, Ernest Marples akiwa waziri, na hapo mwanzo uliyahusu magari yenye miaka 10 au zaidi, tena ni breki, taa na stelingi tu. Idadi ya magari yaliyoshindwa iliwashtua wakubwa, umri ukateremshwa hadi miaka 7 mwaka 1961, kisha miaka 3 mwaka 1967. Matairi yaliongezwa mwaka 1968, bodi na chesisi mwaka 1977, moshi wa magari ya petroli mwaka 1991. Na tangu mwaka 2005 matokeo yanahifadhiwa kwenye kompyuta. Leo mtu yeyote mwenye namba ya gari anaweza kuyasoma bure kwenye intaneti.

Hebu tuchukue gari moja tunalolifahamu. Nissan Micra, ile ya mviringo iliyotoka mwaka 1992 na kutengenezwa Sunderland, kaskazini mwa England, ilichaguliwa kuwa gari la mwaka barani Ulaya kwa mwaka 1993, na ndiyo gari la kwanza la Kijapani kupata heshima hiyo. Kwetu tunaliita March, kwa sababu ndilo jina lake huko Japani ambako mengi ya haya ya kwetu yametokea. Ni gari lile lile. Japani nayo ina ukaguzi wake, shaken, wa kwanza baada ya miaka mitatu na kisha kila miaka miwili, lakini Uingereza ndiyo inayotuanikia matokeo ya kila gari hadharani.

Ukichukua magari ya umri wote huko Uingereza, karibu matatu kati ya kila kumi hufeli yakipelekwa mara ya kwanza. Kinachoongoza ni nini? Taa. Ndiyo, balbu. Taa ya breki iliyokufa bila mwenye gari kujua kwa kuwa yeye yuko mbele, taa kubwa inayoelekea juu na kumpofusha anayekuja, hata kibalbu kinachomulika namba ya gari usiku. Wengine hufeli kwa sababu chombo cha maji ya kuoshea kioo ni kikavu, au raba ya waipa imekauka na kuchana badala ya kufuta. Mtu anapoteza siku nzima kwa kitu ambacho angekigundua kwa kulizunguka gari lake mara moja huku mtoto akikanyaga breki.

Baada ya taa huja springi na bushi, breki, na matairi. Kwa Micra iliyozeeka, bushi za mikono ya mbele huliwa, boli jointi hulegea, springi hukatika ncha ya chini ambako huwezi kuiona mpaka tairi lifunguliwe au gari linyanyuliwe. Tairi linatakiwa kuwa na kashata zenye kina kisichopungua milimita 1.6, na tairi la akiba halikaguliwi kabisa. Wala hakuna anayeuliza pembetatu na kizima moto, vitu ambavyo askari wetu wa barabarani huanza navyo kabla hawajatazama kama gari lina breki.

Kwenye breki, kila gurudumu huwekwa juu ya roli na nguvu yake kupimwa. Gari linaweza kusimama vizuri mbele ya nyumba yako na bado likafeli, kwa sababu gurudumu la kulia linashika sana kuliko la kushoto. Siku utakayokanyaga kwa ghafla kwenye lami yenye maji, gari hilo litakuvuta upande wa lori. Mabomba membamba ya chuma yanayopeleka mafuta ya breki nyuma nayo huliwa na kutu, na bomba la namna hiyo hupasuka pale pale unapokanyaga kwa nguvu zote.

Sasa tufike kwenye kutu, maana hapa ndipo Micra nyingi hufia. Majira ya baridi, barabara za Uingereza humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Magurudumu huyarusha maji hayo ya chumvi kwenye mikunjo ya bati chini ya milango, yakakaa humo, yakala kutoka ndani kuja nje. Rangi inang'aa na ndani ni unga. Mkaguzi haruhusiwi kufungua kitu. Hubonyeza kwa kidole na kugonga polepole kwa kifaa kidogo. Akikuta tundu au bati lililodhoofika ndani ya sentimita 30 kutoka mahali mkanda wa kiti, springi, stelingi au breki vilipofungwa, gari limeanguka. Kipimo hicho kina sababu. Mkanda ukifungwa kwenye bati bovu, siku ya ajali hung'oka na kipande cha bati, na aliyeufunga hurushwa kama ambaye hakuufunga.

Tiba yake ni kukata sehemu mbovu na kuchomelea chuma kipya mzunguko mzima. Puti na rangi havikubaliki. Kwa kuwa gharama ya kuchomelea mara nyingi huizidi bei ya gari lenyewe, Micra nyingi zimepelekwa kwenye vyuma chakavu zikiwa na injini nzima, zile injini zake ndogo za lita 1.0 na 1.3 zinazotumia cheni, ambazo mafundi huzisifu. Na hapa wengi hushangaa: MOT haikagui ubora wa injini, klachi wala giaboksi. Hupima moshi, basi.

Pia yapo mambo mawili ya kuyaangalia kwa jicho kali. Cheti kinasema gari lilikuwaje saa ile lilipokaguliwa. Kesho yake tairi linaweza kuchanika na cheti bado kikawa na miezi kumi na moja. La pili, gereji inayokagua huruhusiwa kutengeneza kasoro ilizozikuta yenyewe. Mimi utaratibu huo haunifurahishi. Ujerumani mashirika ya ukaguzi kama TÜV na DEKRA hukagua tu, matengenezo unapeleka kwingine.

Tangu Mei 2018 kasoro zimegawanywa kuwa za hatari, kubwa na ndogo, na chini yake mkaguzi huandika ushauri. Mnunuzi mwerevu husoma ushauri kwanza. Ukiona "kutu chini ya mlango" imeandikwa mwaka hadi mwaka, kisha mwaka unaofuata haipo, jiulize kama ilichomelewa au ilipakwa. Maili nazo huandikwa kila mara, hivyo aliyezirudisha nyuma huumbuka.

Sisi wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar hatuna barafu, lakini upepo wa bahari unatutosha, na baadhi ya magari yetu yalianza maisha sehemu za Japani zenye theluji na chumvi vile vile. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo March hizi za zamani zinazouzwa mitaani zimezeekea hapa hapa, mikononi mwetu, na historia yao haiko kwenye kompyuta yoyote. Ukienda kutazama moja, chukua sumaku ndogo. Ipitishe taratibu chini ya milango, mbele hadi nyuma, pande zote mbili. Pale itakapokataa kushika, hapo pana puti.