Mkuyuni na Mji wa Morogoro Zamani za Mjerumani

Watu wa Mkuyuni, Waluguru wa upande wa mashariki ya milima ya Uluguru, waliujua Morogoro tangu zama za mtawala Kisabengo na boma lake la Simbamwene. Lakini mwaka 1907, garimoshi lilipofika kutoka Dar es Salaam, waliona mambo ambayo wazee wao hawakupata kuyahadithia. Mizigo iliyokuwa ikichukuliwa na wapagazi kwa siku nyingi sasa ilisafiri kwa saa chache, na maduka ya Wahindi yenye mapaa ya bati yakajaa chumvi, kandili, majembe na merikani, nguo ambayo asili yake ilitoka viwanda vya Massachusetts, ikashushwa Unguja kwa merikebu.

Wengi walishushwa mjini na kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, kwani rupia haikupatikana ila kwa kuuza mazao au kufanya kibarua. Mwanamke aliamka jogoo la kwanza, akasokota ngata ya majani makavu ya mgomba, akajitwisha tenga la ndizi lililofunikwa majani mabichi zisichomwe na jua, akaishika njia ya Kiroka pamoja na wenziwe. Jioni, akiwa ugenini, aliulizia mtu wa lukolo lake, yaani ukoo wa upande wa mama. Na akimpata, japo hawajaonana maishani, alikaribishwa ugali na mkeka wa kulalia, kwa kuwa mtu wa lukolo si mgeni.

Kwa rai yangu, lukolo hilo ndilo lililowahifadhi Waluguru wasimezwe na mji. Ardhi ilikuwa mali ya ukoo, na mtoto aliirithi kwa wajomba zake. Hivyo kijana aliyefanya kazi stesheni miaka na miaka alijua kwamba shamba lake, na kaburi lake pia, viko mlimani. Dini zilipanda milima hiyo, Uislamu kwa njia ya biashara na Ukatoliki kwa misheni ya Matombo iliyoanzishwa mwaka 1897, zikapokewa kwa heshima. Walakini mvua ilipochelewa, hata waliokwisha kuvaa kanzu na kofia waliendelea kumwelekea Kingalu wa Kinole, mwenye amana ya mvua tangu kale.

Nguvu hiyo ya lukolo ilidhihirika zaidi kwa mwali. Binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani muda mrefu, akafundishwa na wanawake wazima unyumba, adabu na mambo yasiyosemwa hadharani, asionekane na watu mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma na pombe. Baba aliyekuwa akifanya kazi mjini alidunduliza rupia zake, akanunua kanga na shanga dukani kwa Mhindi, akapanda navyo Mkuyuni. Lakini siku ya kumtoa mwali ilikuwa shauri la mjomba, na baba, ijapokuwa fedha ni yake, aliketi akangoja kuambiwa.