Uamuzi wa Buta haukufanywa alfajiri ile

ALFAJIRI ya Aprili 30, 1997, watu wenye silaha waliingia katika bweni la seminari ndogo ya Buta, huko Bururi, kusini mwa Burundi. Waliwaamuru vijana wajitenge: Wahutu upande mmoja, Watutsi upande mwingine. Vijana walikataa. Arobaini kati yao waliuawa, Wahutu kwa Watutsi.

Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi, na mwaka 2019 Kanisa Katoliki nchini humo lilianzisha mchakato wa kuwatangaza kuwa wenye heri. Ila wasimulizi wengi huanzia mlangoni mwa bweni, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo wanapokosea. Kijana wa shule hapati ujasiri wa namna ile ndani ya dakika tano, tena bunduki ikiwa imemwelekea.

Padri Zacharie Bukuru, aliyekuwa mkuu wa seminari na akanusurika, ameandika kitabu juu yao. Tangu vita vilipoanza mwaka 1993, Buta haikunyamaza. Wanafunzi walizungumza wazi juu ya ukabila na mauaji, mambo ambayo kwingine yalisemwa kwa kunong'ona. Walicheza mpira pamoja, wakacheza ngoma pamoja, wakasali pamoja. Nani aketi na nani, nani apewe pasi, utani gani uchekewe: hayo ni mambo ambayo hakuna anayemwendea padri au mchungaji kuyaungama. Lakini amri ya kujitenga ilipotoka, walioamriwa walikuwa wamekwisha kuikataa kwa miaka, kidogo kidogo.

Kwa aliyerejea kutoka kambi za Kigoma, mtihani huja kwa sura ya shamba. Maelfu kwa maelfu walirudi Burundi baada ya mwaka 2002, na wengi wakakuta mtu mwingine analima, wakati mwingine mtu aliyenunua au kugawiwa bila kujua mwenyewe yuko hai. Tume ya ardhi iliundwa mwaka 2006, na kesi zikamiminika. Zipo familia zilizokubali kugawana. Zipo zilizofikia kumwaga damu.

Biblia ina kesi kama hiyo. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi ili alifanye bustani ya mboga. Mboga tu! Nabothi alipokataa kutoa urithi wa baba zake, mfalme alijilaza kitandani, akageukia ukutani, akasusa chakula. Mkewe akaandika barua, mashahidi wa uongo wakapatikana, Nabothi akapigwa mawe. Ukoo wa Ahabu uliilipia bustani ile. Msomaji akisoma taratibu ataona kwamba mfalme hakutamka amri ya kuua. Alinuna, kisha akaacha muhuri wake utumike. Ni wazazi wangapi wananuna hivyo jioni, wakimtaja jirani, na watoto wanasikiliza?

Wafanyabiashara wa Kobero na Manyovu wana bustani yao, nayo ni mizani. Debe lililobonyezwa kitako, gunia lililonyunyiziwa maji liongeze uzito, noti iliyokunjwa ndani ya karatasi za safari. Anayeanza kwa sababu ada ya mtoto imekaribia hujiambia ni mara moja. Mwaka wa pili mtoto yuleyule ndiye anayeshika debe. Wengine hupita njia za panya na mzigo ambao, ukiwa ni zao la Afrika Mashariki na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, ungepita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Mazoea yakishakaa, hata palipo na njia halali mtu haioni.

Mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko, Zakayo, ndiye anayepaswa kusomwa zaidi na watu wa mpakani. Yesu alikwisha kumkubali, hata akaenda kukaa nyumbani mwake. Bado Zakayo alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Msamaha haukufuta deni la yule mama aliyetozwa zaidi sokoni. Injili ya Luka haisemi ilimchukua muda gani kuwatafuta mmoja mmoja, wala mwishoni alibaki na kiasi gani.