Mbegu ni ya Nani? Sehemu ya Pili: Kutoka Shambani hadi Mahakamani

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi jeni ya Bacillus thuringiensis (Bt), bakteria wa udongoni, inavyopandikizwa katika mahindi ili mmea ujitengenezee sumu ya kuua viwavi wanaotoboa bua. Leo tuwatazame wanaopinga teknolojia hiyo, na tupime hoja zao.

Msomaji wa Eldoret asidhani mjadala huu ni wa Nairobi. Uasin Gishu na jirani yake Trans Nzoia ndizo ghala la mahindi la Kenya. Tena hapa mjini kipo kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichochukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ambacho kimewahimiza wakulima wa kaunti mbalimbali kupanda pamba ya Bt, zao la GMO, yaani lililobadilishwa jeni, lililoidhinishwa kulimwa kibiashara mwishoni mwa 2019.

Hoja iliyovuma kwanza ilikuwa ya afya. Novemba 2012 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO, miezi miwili baada ya mtafiti Mfaransa Gilles-Éric Séralini kuchapisha utafiti wenye picha za panya walioota uvimbe baada ya kulishwa mahindi ya GMO. Mwaka uliofuata jarida lililochapisha utafiti huo liliuondoa: panya walikuwa wachache, na wa aina inayoota uvimbe kwa urahisi, hivyo hapakuwa na hitimisho la kutegemewa. Wanaharakati wengi waliendelea kuushikilia, na wapinzani wao wakapata njia rahisi ya kuwaita watu wasiojua sayansi.

Oktoba 3, 2022, nchi ikiwa imeshikwa na ukame mkali, Baraza la Mawaziri chini ya Rais William Ruto liliondoa marufuku hiyo. Hapo upinzani ulikomaa. Kenya Peasants League, chama cha wakulima wadogo, kilikwenda Mahakama Kuu kikisema uamuzi wa uzito huo ulifanywa bila wananchi kushirikishwa, ilhali Katiba inadai washirikishwe. Novemba mwaka huohuo mahakama ikasimamisha uagizaji. Safari haikuwa nyoofu: Oktoba 2023 Jaji Oscar Angote wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi alitupilia mbali kesi ya Chama cha Mawakili iliyopinga uamuzi huohuo, akiona kwamba taasisi za kulinda usalama wa chakula zipo. Kisha Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasitisha tena uagizaji na ukuzaji wa GMO hadi rufaa ya wakulima isikizwe.

Kesi yenye uzito mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, haikutaja jeni. Sheria ya mbegu, baada ya marekebisho ya 2012, ilimtishia mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Mama aliyempa jirani mbegu za managu, saga au wimbi angeweza kuhesabiwa mhalifu. Wakulima 15 walishtaki mwaka 2022, na Novemba 27, 2025, Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu ya Machakos aliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Hakuna panya aliyehitajika kuthibitisha hoja hiyo. Ilitosha kueleza jinsi watu wanavyoishi.

Hata hivyo, tuwe wakweli. Mkulima wa mahindi wa Uasin Gishu hununua mbegu kila msimu. Ameizoea mbegu chotara tangu H611 ilipotolewa Kitale mwaka 1964, kwa maana chotara ikirudiwa mavuno hushuka. Anayemwambia kwamba GMO itamnyang'anya mbegu yake ya mahindi anamweleza jambo lililokwisha kutokea zamani. Tofauti iko kwenye umiliki. Chotara za Kitale zilizalishwa na watafiti wa umma. Jeni ya mahindi ya Bt yaitwayo MON810 ilikuwa ya Monsanto, kampuni iliyonunuliwa na Bayer mwaka 2018. Imeletwa katika mradi wa Afrika bila kutozwa mrabaha. Ni vyema, lakini anayetoa ruhusa ndiye anayeweka masharti yake.

Na je, teknolojia hii itadumu? Afrika Kusini walianza kupanda mahindi ya Bt mwaka 1998. Kabla ya miaka kumi kwisha, kiwavi aitwaye Busseola fusca alikuwa ameizoea sumu hiyo, na ikabidi itafutwe mbegu yenye jeni zaidi ya moja. Kiwavi huyo ndiye anayetawala nyanda zetu za juu. Wakati huohuo watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita wameonyesha kwamba desmodiamu ikipandwa kati ya mistari ya mahindi hufukuza nondo wa viwavi hawa, na majani ya nepia pembezoni mwa shamba huwavuta watage huko.

Kwa hiyo harakati za wakulima ziachane na hofu zisizo na ushahidi, zishike maswali matatu: nani anamiliki mbegu, nani aliulizwa, na kiwavi akiizoea sumu nani atalipa hasara? Maswali haya yaulizwe kwenye mabaraza ya Moiben, Turbo na Ziwa, kwa lugha wanayoielewa wenye mashamba, kabla gunia la kwanza la mbegu halijafunguliwa.

Wiki ijayo: benki za mbegu za kijamii, na namna zinavyoendeshwa.